Kumrekodi fundi wa jadi akiwa kazini: simu au kamera, mbele au begani, ndefu au fupi?

Anayetaka kumrekodi fundi wa jadi akiwa kazini, awe mhunzi, mfinyanzi, mfumi, mchongaji au msusi wa mikeka, kwa kawaida huanza na swali la kifaa: nitumie kamera gani? Swali hilo linaweza kungoja. Kuna jingine linalotangulia: nani ataitazama video hii, na akishaitazama atakuwa anaweza kufanya nini? Ipo video inayomfanya mtu asimamishe kidole chake kwenye skrini kwa dakika moja na kustaajabu. Ipo nyingine inayomwezesha mwanagenzi, miaka mingi baada ya fundi kufariki, kushika tezo na kujua aanzie wapi. Zote mbili zina haki ya kuwepo, ila hazirekodiwi kwa namna moja. Anayetaka kuzipata zote kwa mkupuo mmoja mara nyingi huambulia ile ya kwanza peke yake.

Mimi naegemea upande wa mwanagenzi, na nitasema wazi kila ninapoegemea. Mwulize fundi kwa nini amegeuza kiganja namna ile, mara nyingi atakujibu kwa kurudia kitendo chenyewe. Ujuzi wa aina hiyo hauingii kwenye maandishi kirahisi, na picha isiyosonga huonyesha matokeo bila njia. Video ndiyo inayoweza kubeba sehemu kubwa ya ujuzi huo, na ikirekodiwa ovyo hakuna maelezo yatakayoziba pengo. Kwa hiyo nimeanza na maamuzi ambayo ukiyakosea huwezi kuyarekebisha wakati wa kuhariri, ndipo nikafika kwenye yale yenye nafasi ya kusameheka.

Mchakato mzima au sura ya fundi

Njia ya kwanza ni kufuata kazi: hatua baada ya hatua, tangu malighafi hadi kitu kilichokamilika. Mfaransa André Leroi-Gourhan, aliyechunguza zana na vitendo vya binadamu, aliwafundisha watafiti kuitazama kazi ya mikono kama mnyororo wa vitendo ambamo kila pete huamua inayofuata. Mwaka 1952, huko Göttingen, Ujerumani, ulianzishwa mkusanyo mkubwa wa filamu za kisayansi, Encyclopaedia Cinematographica, uliojengwa juu ya wazo linalokaribiana na hilo: filamu moja, mchakato mmoja, bila maigizo, ili mtu aweze kuweka kazi za mafundi wawili wa sehemu mbili za dunia upande kwa upande na kuzilinganisha.

Njia ya pili ni kumfuata mtu: maisha yake, sauti yake, alivyojifunza, kinachomuudhi, anachojivunia. Video za namna hii hugusa moyo, na hutazamwa na watu wengi zaidi. Udhaifu wake ni kwamba mikono hugeuka pambo. Tunaona nyundo ikishuka mara tatu, kisha uso, kisha dirisha, kisha tayari jembe limekamilika. Filamu za mtindo wa Göttingen nazo zina udhaifu wa upande wa pili: nyingi hazina sauti, na fundi anabaki mikono isiyo na jina.

Ukilazimika kuchagua kimoja kwa sababu una siku chache, rekodi mchakato kwanza. Mazungumzo kuhusu maisha yanaweza kufanyika siku yoyote, hata kwa simu. Tanuri la kuchomea vyungu haliwashwi kwa ajili yako, na mti ukishaangushwa umeangushwa. Tena anza mapema kuliko unavyodhani inafaa. Video nyingi za ufinyanzi huanza udongo ukiwa tayari laini mezani, wakati sehemu nzito ya ujuzi imeshapita: kuuchagua udongo mahali unapochimbwa, kuondoa mawe na mizizi, kuuchanganya na mchanga au vigae vilivyosagwa ili chungu kisipasuke motoni. Mwanagenzi aliyejifunza kwa video isiyo na hatua hizo atapata chungu kizuri kitakachopasuka mbele ya macho yake, asijue kosa liko wapi.

Mbele ya fundi au nyuma ya bega lake

Hapa ndipo ningemwomba msomaji atulie zaidi, maana uamuzi huu haugharimu pesa yoyote, na ndio unaopuuzwa kuliko yote.

Wengi wetu husimama mbele ya fundi. Tunafanya hivyo kwa adabu na kwa mazoea: ndivyo tunavyozungumza na mtu, na uso wake unaonekana. Lakini anayetazama kutoka mbele huona kila kitu kimegeuka. Mkono wa kuume wa fundi uko kushoto kwa mtazamaji. Kinachosukumwa kwenda mbele kinaonekana kikija. Kabla ya kuiga, mtazamaji lazima kwanza akigeuze kitendo kichwani. Kwa kazi rahisi anaweza. Kwa kusuka mkeka wa miyaa mingi, ambapo kosa moja la juu-chini huharibu safu nzima, hachukui muda kupotea.

Kamera iliyo nyuma ya bega, juu kidogo, inaona kile fundi anachokiona. Mkono wa kuume uko kuume. Mwanagenzi anaweza kuweka simu mbele yake na kufuata kama kivuli. Gharama yake ni kwamba uso haupo, na kichwa cha fundi huziba kazi anapoinama. Bega lipi basi? Kwa fundi anayetumia mkono wa kuume, bega la kushoto mara nyingi ndilo lililo wazi, kwa sababu mkono unaoshika zana hauzibi njia ya lenzi. Lakini usikariri. Mwombe afanye kazi dakika chache, uzunguke ukiangalia kwa macho yako tu, ndipo uweke kifaa.

Kuna pia wanaofunga kamera ndogo kichwani au kifuani mwa fundi. Ya kichwani hufuata macho, jambo zuri, lakini hutikisika kila anapogeuka kuchukua kitu na kumchosha mtazamaji. Ya kifuani hutulia zaidi na kuona mikono vizuri kazi inapokuwa usawa wa tumbo; haifai kwa anayefanya kazi ameketi chini, magoti yakiwa yameinuliwa. Zote mbili hutumia lenzi pana sana inayopinda mistari iliyonyooka, na kwa kazi ambayo unyoofu ndio kipimo chake, huo ni upotoshaji mkubwa.

Kila kazi ina upande wake wa kweli. Kusuka ukili na kufuma hutaka kamera juu, ikitazama chini, kwa sababu jambo zima liko katika mpangilio wa mistari. Kwenye kitanda cha mfumi, kamera ya juu inaonyesha mshindio, yaani uzi wa kukingama, ukipita katikati ya mtande, yaani nyuzi za urefu, lakini haioni miguu, na ni miguu inayoamua nyuzi zipi zipande. Mwenye kamera moja tu arekodi safu kadhaa kwa juu, kisha safu kadhaa akiwa chini. Kwa mchongaji, kamera ya juu haisaidii kitu. Ujuzi wake uko katika pembe kati ya patasi na mti, na pembe hiyo inaonekana kwa ubavuni tu. Mfinyanzi anayevuta ukuta wa chungu juu ya gurudumu naye arekodiwe ubavuni, usawa wa gurudumu, ili unene wa ukuta na mahali vidole vinapobana vionekane. Mhunzi ana hatari ya cheche, kwa hiyo umbali na usalama huamua kabla ya kitu kingine.

Onyo moja dogo kwa watumiaji wa simu: kamera ya mbele, ile ya kujipigia picha, katika baadhi ya simu na programu huhifadhi video iliyogeuzwa kama kioo. Fundi wa mkono wa kuume atabaki wa mkono wa kushoto milele. Tumia kamera ya nyuma.

Stendi au mkono

Mjadala huu una wazee wake. Margaret Mead na Gregory Bateson, wanaanthropolojia waliowahi kuwa mke na mume, walifanya utafiti Bali, Indonesia, kati ya 1936 na 1939, na kazi hiyo ikazaa picha za mnato zipatazo 25,000 na filamu ya milimita 16 yenye urefu wa futi 22,000 hivi. Miongo kadhaa baadaye, katika mazungumzo yaliyochapishwa mwaka 1976, bado walikuwa hawakubaliani. Mead alitetea kamera iliyosimama kwenye stendi na kurekodi kwa muda mrefu bila kukatiza, ili wengine waje kuchambua hata yale ambayo mrekodi mwenyewe hakuyatambua. Bateson aliona kamera iliyogandishwa kwenye stendi haioni jambo la maana. Kwake kamera ilipaswa kwenda na tukio. Mfaransa Jean Rouch, aliyerekodi filamu nyingi Afrika Magharibi, alikuwa upande wa mkono pia: lenzi pana, kamera begani, na kutembea kumkaribia mtu badala ya kumvuta kwa zumu.

Kwa kazi ya fundi nadhani Mead ana haki zaidi, na sababu ni rahisi. Bateson na Rouch walikuwa wakifuata watu wanaohamahama katika nafasi: ngoma, ibada, ugomvi, mtoto anayetambaa. Fundi yuko mahali pamoja, na kinachobadilika ni kidogo mno kiasi kwamba mtikisiko wa mkono wako unaweza kukifunika. Isitoshe, mkono huenda pale macho yanapovutiwa. Utaisogeza kamera kwenye cheche wakati mkono wa kushoto wa mhunzi, ule unaoshika koleo na kuzungusha chuma kati ya mapigo, ndio unaofanya kazi ya akili.

Hata hivyo stendi peke yake haitoshi. Kazi inapohama, kama vile fundi anaposimama kwenda kuchagua ubao, kumfuata kwa mkono ni sawa na ni lazima. Nikiwa na vifaa viwili, kimoja hukaa kwenye stendi tangu mwanzo hadi mwisho bila kuguswa, na cha pili huwa huru. Piga kofi moja mbele ya vyote viwili mwanzoni. Sauti hiyo itakusaidia kuvilinganisha wakati wa kuhariri.

Kuhusu kumwambia fundi "rudia tena hapo", nashauri ujizuie. Chuma kikipoa kwa sababu ulitaka picha nyingine, umeharibu kazi ya mtu na umerekodi kitu ambacho hakitokei kwa kawaida. Kama hatua imekupita, ingoje kwenye kipande kinachofuata. Mafundi wengi hutengeneza zaidi ya kimoja.

Simu au kamera

Simu ya leo inatosha kwa kazi nyingi za aina hii, na ina faida ambayo wauza kamera hawaitaji: haitishi. Fundi anayekaza mabega mbele ya kamera kubwa huendelea na shughuli zake mbele ya simu. Simu pia ina kihisi kidogo cha picha, na kihisi kidogo kina kina kirefu cha fokasi, yaani zana, mkono na kazi vyote huonekana vikali kwa pamoja. Watu hupenda mandharinyuma yenye ukungu inayotolewa na kamera kubwa. Kwa picha ya uso ni nzuri. Kwa kazi ya mikono ni hasara, kwa sababu ncha ya patasi inaweza kuwa wazi huku kiganja kinachoisukuma kikiwa ukungu. Mwenye kamera kubwa afunge tundu la lenzi kidogo, f/8 kwa mfano, na atafute mwanga wa kutosha wa kufidia.

Mahali kamera inaposhinda ni matatu: gizani, penye joto, na penye muda mrefu. Karakana nyingi zina mwanga hafifu, na simu hujaribu kufidia kwa kuongeza usikivu wa kihisi, picha ikajaa chengachenga, kisha kuisafisha kupita kiasi hadi nyuzi za mti zinapotea. Kuhusu joto, Apple kwa mfano inataka iPhone itumike penye nyuzi joto kati ya 0 na 35 za selsiasi. Karibu na tanuri au mvukuto kiwango hicho hupitwa haraka, na simu huzima kurekodi yenyewe. Kuhusu muda, mwenye kamera ya picha asome maelezo ya modeli yake. Kwa miaka mingi kamera nyingi za picha zilikatiza video kwenye dakika 29 na sekunde 59, kwa kuwa ushuru wa forodha wa Umoja wa Ulaya ulikihesabu kifaa kinachorekodi dakika 30 mfululizo kuwa kamera ya video. Modeli mpya nyingi hazina kikomo hicho, za mitumba bado zinacho.

Chochote utakachochagua, zima ujanja wa kujirekebisha. Hili lina uzito kuliko tofauti ya simu na kamera. Chukua kazi ya mhunzi: rangi ya chuma ndiyo kipimajoto chake. Wekundu mzito ni karibu nyuzi 700 za selsiasi, rangi ya chungwa inapanda kuelekea 900 na zaidi, njano inakaribia 1,100 au 1,200. Kamera iliyoachwa ijirekebishe yenyewe itaona giza la karakana, itafungua mwanga, na chuma chote kitakuwa cheupe; itaona wekundu mwingi, na itaupunguza. Mwanagenzi anayetazama hataona kipimo alichokuwa akikitumia fundi. Kwa hiyo funga kiwango cha mwanga ukipimia kwenye chuma chenyewe, si kwenye ukuta, na weka rangi kwenye mpangilio wa mchana, karibu kelvini 5,500, ubaki hapo siku nzima. Simu nyingi hufunga mwanga na fokasi ukibonyeza na kushikilia mahali unapotaka. Jambo hilohilo linamhusu mtia rangi wa nguo na mfinyanzi anayetambua ukavu wa chungu kwa kupauka kwake.

Taa za umeme nazo zina mtego. Penye umeme wa hezi 50, taa nyingi hupwita mara 100 kwa sekunde. Ukirekodi fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde, kasi ya shata ya 1/50 au 1/100 huondoa mistari inayocheza kwenye picha. Penye hezi 60, tumia 1/60 au 1/120. Mwanga wa dirisha hauna shida hiyo, na ukija kutoka ubavuni huchora umbile la kazi vizuri kuliko taa iliyo juu ya kamera, inayofanya kila kitu kionekane bapa.

Na ukubwa wa picha, 1080p au 4K? Hapa jibu langu linategemea una kifaa kimoja au viwili. Picha ya 4K ina vitone 3,840 kwa 2,160, mara nne ya 1080p, hivyo mwenye kamera moja anaweza kurekodi kwa upana na baadaye kukata kipande cha mikono bila kupoteza ukali. Mwenye mbili hahitaji sana. Kwa makadirio ya Apple, dakika moja ya 4K ya fremu 30 huchukua takriban megabaiti 170 kwenye iPhone, dhidi ya 60 za 1080p. Kwa saa moja ni gigabaiti 10 dhidi ya 3.6. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Kwa kazi inayochukua siku tatu, tofauti hiyo huamua kama utarekodi yote au utaanza kubania.

Mwendo wa polepole utumie kwa kiasi. Fremu 120 zikichezwa kwa 25 hupunguza kasi karibu mara tano, na huonyesha mambo ambayo jicho halishiki, kama mzunguko wa kifundo cha mkono wakati wa kupiga nyundo. Ila unaharibu mdundo, na mdundo ni sehemu ya ujuzi. Rekodi kitendo kwa kasi yake kwanza, polepole baadaye, na zote mbili ziwekwe pamoja.

Sauti ya kifaa au maikrofoni ya pembeni

Kama una pesa ya kununua kitu kimoja tu, nunua maikrofoni. Mhunzi husikia tofauti kati ya pigo lililoingia na lililorudi. Mfinyanzi hugonga chungu kilichochomwa asikie kama kina ufa. Mchongaji husikia mti mkavu na mti mbichi. Sauti hizo ni maarifa, na simu iliyo mita tatu mbali inazizamisha katika mwangwi wa chumba.

Umbali una nguvu kuliko bei. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti inayotoka kwa fundi hushuka desibeli 6 hivi wakati kelele za mazingira zikibaki zilezile. Maikrofoni ya bei nafuu iliyo nusu mita kutoka kazini hushinda ya gharama iliyo mlangoni. Ile ndogo ya kubana kwenye nguo inafaa kwa maneno ya fundi, lakini husuguliwa na nguo anapoinama na hupata mapigo ya nyundo vibaya. Nyingine ndogo kwenye stendi fupi karibu na fuawe au meza hupata kazi yenyewe. Rekodi kila moja kwenye njia yake. Weka kiwango ili mapigo makubwa yabaki chini ya desibeli hasi 6 kwenye kipimo cha kinasa sauti, na zima ule ujirekebishaji wa sauti unaoshusha kila kitu baada ya pigo na kukipandisha tena. Huo huvuruga masikio kabisa. Vinasa sauti vipya vya biti 32 (32-bit float) huhimili mapigo ya ghafla bila kukwaruza, na kwa karakana ya chuma vinastahili gharama.

Maneno wakati wa kazi au baada ya kazi

Kumwuliza fundi maswali akiwa anafanya kazi kunaleta majibu mabichi, yaliyofungamana na kitendo. Kunaleta pia fundi anayesimama, anayegeuka kukutazama, anayepunguza mwendo ili akueleze. Kwa kazi ya patasi kali au chuma cha moto ni hatari tupu.

Njia ninayoipendelea ni kumwacha afanye kazi kimya, kisha siku hiyohiyo au kesho yake kukaa naye mbele ya skrini, kuichezesha video, na kurekodi anachosema akijitazama. Hapo hujitokeza mambo ambayo hakuna swali lingeyafichua: "hapa nilikuwa nimekosea, ona nilivyorudisha", au "huu mti ulikuwa na fundo, ndiyo maana nimegeuza upande". Sauti hiyo inaweza kuwekwa juu ya picha bila kukatiza mchakato. Achwe azungumze lugha anayofanyia kazi, na maandishi ya tafsiri yawekwe chini. Majina ya zana, ya sehemu za zana na ya hatua ndogondogo mara nyingi yapo katika lugha hiyo peke yake, na fundi akilazimishwa lugha nyingine atayaruka.

Kasoro ya njia hii ni muda. Saa moja ya kazi huzaa saa mbili za kuitazama pamoja. Kwa aliye na siku moja tu, achague hatua chache ambazo hakuzielewa na aanze na hizo.

Ndefu ya mlalo au fupi ya wima

Mtandao unapenda wima. YouTube iliruhusu video zake fupi zifike dakika 3 kuanzia Oktoba 2024, na mitandao mingine nayo imejengwa kwa simu iliyosimamishwa. Video ya namna hiyo humfikia kijana ambaye huenda ndiye mwanagenzi ajaye, na huweza kumletea fundi wateja, jambo ambalo halipaswi kudharauliwa na mtu asiyekula kwa kazi hiyo. Lakini mikono miwili hutanda kwa upana. Ukirekodi wima, mkono mmoja hutoka nje ya fremu au unalazimika kwenda mbali hadi maelezo yapotee. Kazi za wima zipo, kama kuchonga nguzo; ni chache.

Rekodi mlalo, kisha ukate vipande vya wima kutoka humo. Kinyume chake hakiwezekani, na hapa ndipo 4K inapolipa gharama yake.

Sasa kuna sababu nyingine ya kuhifadhi toleo refu lisilokatwa. Mitandao imejaa video zilizotungwa na akili unde zikionyesha "mafundi" wakichonga vitu visivyowezekana, zana zikipita ndani ya mti bila kuacha vumbi. Mtazamaji asiyejua kazi hawezi kutofautisha kipande cha sekunde kumi cha kweli na cha kutungwa. Video ya dakika arobaini isiyokatizwa, yenye kuchoka, kufuta jasho, kukosea na kurekebisha, inajithibitisha yenyewe.

Wazi kwa wote au kwa waliopewa ruhusa

Mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika unautaja ufundi wa jadi miongoni mwa maeneo yake matano, na unazitaka nchi ziheshimu desturi zinazoamua nani aruhusiwe kufikia sehemu zipi za urithi huo. Kanuni 12 za maadili zilizofuata mwaka 2015 zinasisitiza ridhaa ya hiari, iliyotolewa mapema, inayoendelea, na ya mtu aliyeelezwa yote. Neno la kuzingatia hapo ni "inayoendelea". Saini ya asubuhi, kabla fundi hajaona unachorekodi, haimalizi jambo.

Kuiweka video wazi kunaipa nafasi ya kuokoka na kufundisha wengi. Pia katika nchi nyingi haki miliki ya video ni ya aliyerekodi, na ujuzi wenyewe, mbinu na utaratibu, haulindwi na haki miliki hata kidogo. Maana yake ni kwamba fundi anaweza kukuonyesha siri ya rangi yake, kiwanda kikaiga, na sheria isiwe na la kumfaa. Leseni huria za Creative Commons, zinazowaruhusu wengine kuitumia kazi yako bila kukuomba, nazo hazirudishwi nyuma kwa aliyekwisha kuchukua nakala. Kuifunga video, kwa upande mwingine, kunaweza kuizika kabisa.

Hapa sina upendeleo wa jumla, isipokuwa huu: uamuzi uwe wa fundi, naye aufanye baada ya kutazama video iliyokamilika. Mara nyingi inawezekana kugawa. Hatua za wazi zikawa wazi. Hatua moja au mbili anazozitoa kwa wanafunzi wake tu zikabaki kwenye toleo lake. Maandishi mafupi kwa lugha yake yaseme nani anaruhusiwa kuuza, kukata, kuitumia kwa tangazo, au kuilisha mifumo ya akili unde, na mapato yakitokea yagawanywe vipi. Jina lake liandikwe kama mwenye kazi, kama mwenyewe anataka litajwe.

Mtandaoni au kwenye diski

Kupakia kwenye mtandao wa kijamii si kuhifadhi. Mitandao hukandamiza picha, hubadilisha masharti, na hufuta akaunti. Diski moja nayo ni kaburi linalongoja siku yake, hasa diski za chipu (SSD) zikikaa miaka bila umeme. Kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh bado ndiyo rahisi kufuata: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikiwa mahali pengine. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni diski mbili za nje katika nyumba mbili tofauti na nakala ya mtandaoni anayoilipia. Kwa kazi nzito, tafuta makumbusho, maktaba au chuo chenye hifadhi yake. British Museum, kwa mfano, tangu 2018 ina programu inayofadhili urekodi wa ujuzi wa mikono ulio hatarini na kuuweka kwenye hazina ya kidijitali.

Hifadhi faili za asili kama zilivyotoka kwenye kifaa pamoja na toleo lililohaririwa, maana mchambuzi wa kesho atahitaji vipande ulivyovikata. Kila faili iwe na tarehe, kazi, hatua na lugha katika jina lake, na karatasi ya maandishi iandamane nayo ikieleza nani anaruhusiwa kuitazama. Nakala ya fundi iwe katika umbo analoweza kulifungua mwenyewe: kama anatumia simu, iwe kwenye kadi ya simu hiyo, katika vipande vya hatua mojamoja vilivyopewa majina anayoyatumia yeye, ili mwanafunzi wake akiuliza hatua ya tatu aweze kumfungulia papo hapo.